Kilo Huwekwa na Mtu

Kwenye depo moja ya Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, jiwe la mizani la kilo 20 lilikuwa limeegemezwa mlangoni kuzuia upepo. Fundi mstaafu aliyepita hapo akamuuliza kijana wa kazi: bila jiwe hilo, mizani inajuaje kilo? «Papa, si namba inajiandika?»

Jibu hilo lilimuudhi mzee siku nyingi. Yeye aliingia karakana ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, baada ya vita ya siku sita ya hapo Kolwezi. Ilikuwa 1980 au 1981. Mizani ya wakati huo ilikuwa ya mkono. Mwenye gunia na mwenye pesa walisimama bega kwa bega, wakiangalia uzito mdogo ukisukumwa kwenye alama mpaka mkono utulie. Karakana ilinuka grisi na mafuta ya taa. Mawe ya kupimia yalilala sandukuni juu ya kitambaa, na ole wake aliyeyashika kwa mkono wenye jasho.

Ikaja ya umeme. Ndani yake mna kipande cha chuma kilichogandishwa nyuzi nyembamba. Gunia likikilemea, hupinda kiasi ambacho jicho halioni, nyuzi zinavutika, na umeme unaopita unabadilika kidogo. Kinachotoka ni milivolti chache, si kilo.

Kilo anaiweka mtu, hivi. Soma mizani tupu: tuseme milivolti 1.2. Pandisha mawe ya kilo 100, ikisoma 6.2, imeongezeka 5, basi kila milivolti ni kilo 20. Gunia likisoma 4.7, toa 1.2, zidisha kwa 20: kilo 70. Halafu jaribu kwa nusu ya mawe, yahamishe pembe hadi pembe, yashushe uone kama inarudi palepale. Vijana wa leo hubonyeza sifuri, basi.

Mwizi naye hahitaji nyundo. Anapandisha mawe ya 100, anaiambia mizani ni 95. Gunia la 70 linasoma 66.5, na kioo kinawaka vizuri tu.

Tangu sheria ya madini ya 2002 mambo yalikwenda mbio: wachimbaji wa mikono, depo za wageni, Metorex, kile kifaa cha kusoma asilimia ya kobalti. Ugomvi mwingi uko kwenye Metorex. Mzee hawalaumu wanaogombana, ila asilimia hiyo hulipwa kwa kilo, na kwenye tani 10 ile 95 ya mwizi inameza kilo 500.