Mke wa Raia wa Ulaya na Haki Yake ya Kumfuata Mumewe



Siku hizi wazazi wa wanafunzi wetu hutujia chuoni baada ya alasiri, na wengi wao wana swali moja: binti yao ameposwa na kijana mwenye uraia wa nchi ya Ulaya, je, akiisha kuolewa ataruhusiwa kumfuata? Kazi yetu sisi ni kusomesha watoto, si uwakili. Lakini sisi ndio tunaoitwa kusoma hutuba ya nikaha, basi haitupasi kunyamaza. Tumewauliza wajuao, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, pasi ya Ulaya peke yake si jibu. Lazima kuulizwe: ni pasi ya nchi gani, na mwenyewe anakaa nchi gani? Umoja wa Ulaya una nchi 27, na mwaka 2004 ulitunga sharia namba 2004/38, inayompa raia wa nchi moja haki ya kuhamia nchi nyingine ya Umoja huo pamoja na mkewe, hata akiwa mke huyo ni Mkenya au Mtanzania. Basi Mholanzi afanyaye kazi Ujerumani, mkewe yumo katika hifadhi ya sharia hiyo. Lakini Mholanzi akaaye kwao, asiyepata kuhama, mkewe hufuata sharia za Uholanzi, nazo humtaka mume awe na kipato maalumu, na mke ashinde mtihani wa Kiholanzi kabla ya kusafiri. Pasi ni moja, na hali za wake ni mbali mbali! Sababu yake si ngumu: Umoja ulitaka raia wake wasiogope kuhama, na ni nani atakayehama kwa moyo mkunjufu akimwacha mkewe nyuma?

Mke wa huyo aliyehama hupewa viza upesi na bila ada. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo, mume awe na kazi, au mali ya kuwatosha pamoja na bima ya ugonjwa. Mke huomba kadi ya ukazi, nayo yapasa itolewe katika muda wa miezi sita. Hudumu miaka mitano, na ana ruhusa ya kufanya kazi. Akikaa miaka mitano mfululizo kwa halali, hupata ukazi wa kudumu. Mwaka 2008 Mahakama ya Umoja huo, katika kesi ya Metock iliyotoka Ireland, iliamua kuwa mke hawezi kudaiwa awe amekwisha kaa kwa halali katika nchi nyingine ya Umoja kwanza. Uingereza imekwisha toka katika Umoja, basi atakayekwenda huko asiitegemee sharia hii.

Pili, khabari ya cheti. Twaijua nyumba moja ambayo binti yao aliozwa kwa walii na mashahidi, lakini ndoa ikaandikwa katika daftari la msikiti tu. Karatasi yake ikarudishwa, akabaki kwa mamake miezi minane mpaka ndoa iliposajiliwa serikalini. Ndoa ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni karatasi. Na ajuaye kuwa yeye ni mke wa pili na ajue pia kuwa nchi hizo hazilazimiki kuitambua ndoa yake. Ama ndoa ya hila, iliyofungwa kwa ajili ya kadi tu, hiyo huondoa haki yote.

Tatu, na hili ndilo khasa tunalotaka mabinti walisikie. Wako waume wawatishao wake zao: "Nitakurudisha kwenu!" Kadi ile imeandikwa jina la mke, wala mume hana mamlaka ya kuifuta. Hata wakiachana, ikiwa ndoa imedumu miaka mitatu, na mmoja katika hiyo wamekaa nchi ile, mke aweza kubaki akiweza kujikimu. Na aliyeteswa nyumbani ana hifadhi yake pia.

Basi enyi wazazi, kabla hamjapokea mahari, ulizeni nchi ya pasi, nchi ya makazi, na cheti kitasajiliwa wapi. Hakuna aibu katika kuuliza. Mposaji mwema atajibu kwa furaha, na asiyetaka kujibu amekwisha jibu.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu mapenzi na huruma katika nyumba zao. Amin.