Daftari la Ubatizo Mahakamani

Waraka wa Paulo kwa Filemoni una mistari 25 tu, na mahubiri juu yake hayasikiki mara nyingi. Mimi nimeupenda tangu nilipostaafu ualimu na kuanza kujitolea katika shirika dogo la msaada wa kisheria mkoani kwetu, kwa sababu naona ni barua ya dhamana. Paulo, naye akiwa kifungoni, anamwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake. Hasemi kwamba Onesimo hadaiwi kitu. Anasema kama liko deni, yeye atalilipa, na maneno hayo anayaandika kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayetia sahihi mbele ya mashahidi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua watu kama mimi kwa jina la wasaidizi wa kisheria. Sisi si mawakili wala hatutetei kesi mahakamani. Tunatafuta ndugu wa mshtakiwa, tunawaeleza watu haki zao kwa lugha wanayoielewa, tunafuatilia jalada lililokwama, na penye haja ya wakili tunamwita wa shirika. Kazi yetu kubwa ni watoto walioingia katika mikono ya sheria.

Kwa upande wa watoto, Tanzania ina sheria nzuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo. Kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, faraghani, ofisa wa ustawi wa jamii akiwepo, na mzazi au mlezi ana haki ya kukaa pamoja naye. Hakimu ana njia nyingine za kumrudi: kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kuagiza fidia ilipwe, au kumpeleka shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya.

Lakini sheria hiyo yote ina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni umri. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, aliyerefuka na sauti yake kukomaa, huweza kuandikwa miaka 19 kwa kutazamwa tu. Kalamu ikishapita hapo, mlango umefungwa. Karatasi inasema ni mtu mzima, na watu wote wanaopokea karatasi hiyo wanafuata ilivyoandikwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana mmoja aliyeshikwa baada ya kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu kuvunjwa usiku. Alikuwa mbeba mizigo stendi, na mjini hakuwa na ndugu. Kosa lake lilikuwa na dhamana, ila hakuwapo mtu wa kumdhamini. Mahabusu za watoto ziko katika mikoa michache, kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Kilimanjaro na Mbeya, kwetu haipo. Hata ingekuwepo, asingepelekwa huko, kwa kuwa kwenye hati ya mashtaka alikuwa na miaka 19. Alikaa gerezani miezi minne, akilala pamoja na watu wazima.

Tulimkuta siku usharika wetu ulipokwenda kutembelea wafungwa na mahabusu. Tulikuwa na sabuni, mikate na nyimbo. Alipokea sabuni, akashukuru, kisha akaomba jambo moja: bibi yake aambiwe kwamba yu hai.

Nilipanda basi wiki hiyo hiyo. Bibi alinipokea vizuri, nikamwamkia, akanikaribisha ndani. Nilipomwuliza mjukuu wake alizaliwa mwaka gani, alisema mwaka haujui, ila alibatizwa masika yale mvua ilipobomoa ukuta wa kanisa la zamani. Tukaenda kwa mwinjilisti. Akafungua kabati la chuma, akatoa daftari la ubatizo lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akapitisha kidole hadi akalikuta jina. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwapo, tarehe ya ubatizo ilikuwapo, na majina ya wasimamizi wawili wa ubatizo yalikuwapo. Kijana alikuwa na miaka 16 na miezi miwili.

Mmoja wa wasimamizi wale bado yu hai, ni mzee wa kanisa na fundi seremala. Nilipomweleza habari, hakuuliza mengi. Alisema, "Mwalimu, nilisimama mbele ya madhabahu nikaahidi kumlea mtoto huyu katika imani. Sikuahidi kwamba nitaishia kwenye kipaimara." Siku ya kesi alifika na barua ya mtendaji wa kijiji mfukoni, na viatu vyake mkononi kwa ajili ya matope.

Wakili wa shirika aliomba umri uchunguzwe. Hakimu alilitazama daftari, akamsikiliza bibi na mwinjilisti, akaamuru shauri lihamie Mahakama ya Watoto. Mzee alitia sahihi ya dhamana. Jioni ile kijana alilala kwa bibi yake.

Ningeweza kuishia hapo, tukaimba wimbo wa shukrani. Lakini kibanda kilichovunjwa kilikuwa cha mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane anayesomesha watoto watatu. Alipoteza simu mbili na shilingi 180,000, ambazo nyingi zilikuwa mkopo wa kikundi. Jumapili iliyofuata alinisubiri nje ya kanisa. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, kanisa limepanda basi kwenda kumtafutia mwizi bibi yake. Mtaji wangu utapandiwa basi na nani?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo linaloamua kama kazi hii ni ya Kristo au ni huruma ya upande mmoja. Wapo wanaodhani kumtetea mtoto aliyeshtakiwa ni kusema hakufanya kitu, au kwamba aliyeibiwa avumilie tu. Paulo hakufanya hivyo. Angeweza kumwambia Filemoni asahau hasara yake kwa sababu Onesimo sasa ni ndugu. Badala yake aliitaja hasara yenyewe, akajifunga kuilipa. Anayemwombea mwenye deni bila kuligusa deni anamwachia aliyeumia mzigo wote aubebe peke yake.

Nilimwambia mama yule kwamba katika Mahakama ya Watoto hakimu anaweza kuagiza fidia, jambo ambalo miezi minne ya kijana kukaa gerezani haikumpa hata senti moja. Kijana alikiri. Ofisa wa ustawi wa jamii alizikalisha pande zote mbili. Mama alisema mbele yake fedha ile ilikuwa ya nini, na watoto wake walirudishwa shule kwa ada gani. Kijana alisikiliza akiangalia chini, na mama akamwambia ainue uso. Simu moja ilirudishwa. Ya pili na fedha taslimu zinalipwa kidogo kidogo, mzee akiwa mdhamini, na kijana anajifunza useremala kwake. Hadi naandika haya, zaidi ya nusu imelipwa. Mama huhesabu, hutia sahihi kwenye daftari, huenda zake. Sijamwuliza kama amesamehe. Hilo ni lake na Mungu wake.

Wengine huniuliza kama mambo ya hati na mashtaka yanalihusu kanisa. Nawajibu kwa habari ya Filipi, katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila walipigwa na kufungwa bila kuhukumiwa, na asubuhi wakubwa wa mji wakataka watoke kimya kimya. Paulo alikataa. Alitaka wakubwa hao waje wenyewe, wakaja. Usiku alikuwa ameimba zaburi, na asubuhi alidai utaratibu wa sheria. Sioni kwamba moja lilikuwa la imani kuliko lingine.

Zipo pia sheria zenyewe zinazohitaji kubadilishwa. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la chama cha wanasheria wa bara letu. Ilisema sheria za uzururaji, zile zinazomfanya mtu mkosaji kwa kuwa hana kazi wala makao, haziendani na mikataba ya Afrika ya haki za binadamu na ya haki za mtoto, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Nyingi kati ya sheria hizo tulirithi kwa wakoloni. Mtoto anayelala stendi ndiye wa kwanza kukamatwa kwazo. Waliopeleka ombi lile hawakumtembelea mfungwa mmoja kwa sabuni, lakini nao walikwenda kumwona.

Tuendelee kupeleka sabuni na mikate. Ila tukifika, tumwulize kila kijana umri wake, kwao ni wapi, na nani anajua kwamba yuko pale. Mzazi ambaye hajachukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake akichukue. Wainjilisti, yalindeni madaftari yasilowe mvua. Na wewe uliyewahi kusimama mbele ya madhabahu ukamshika mtoto wa mwenzako akabatizwa, jina lako limeandikwa pale. Siku moja linaweza kuitwa mahakamani, na mtoto yule atakuwa anatazama mlangoni kuona kama umekuja.