Mauser ya Eskilstuna

Jumamosi, 5 Oktoba 2024, Minneapolis
Leo nimeiona dukani, imesimama katikati ya bunduki nyeusi za plastiki: Mauser m/96 ya jeshi la Uswidi. Juu ya chemba imegongwa taji, jina la kiwanda cha Carl Gustaf cha Eskilstuna, na mwaka 1907. Ni ndefu, karibu sentimita 126, na mbao yake ya mjozi imeusindikiza mtutu hadi karibu na mdomo. Komeo halikutiwa weusi. Limeachwa jeupe, linang'aa. Mimi si mwindaji, wala sitafuti silaha ya kujilinda. Naitaka kwa sababu ni nzuri, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumapili, 6 Oktoba
Mama Neema kaniuliza, "Baba Neema, bunduki ndani ya nyumba ya nini?" Yeye kakulia Kigoma, kwao bunduki zilijulikana kwa watu waliovuka ziwa wakizikimbia. Sikumbishia. Tumekubaliana: kabati la chuma, funguo tushike sisi wawili tu, risasi isiingie nyumbani hata moja. Ni masharti ya haki, na ningeyaweka mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekwenda kuikagua kwa utulivu. Tarakimu za mwisho za namba yake zimegongwa kwenye komeo na hata kwenye vipande vidogo, na zote zinalingana. Ubavuni mwa kitako kuna kisahani cha shaba ambapo mafundi wa jeshi walitia alama ya kipenyo cha tundu la mtutu, na 1, 2 au 3 kama kutu imeanza kula. Yangu haina alama ya kutu. Nilivutwa na umbo, kumbe nilikuwa naona utunzaji: kila aliyekabidhiwa aliisafisha.

Bunduki za kabla ya 1899 sheria ya Marekani inazihesabu za kale. Hii si mojawapo, kwa hiyo nimejaza fomu 4473 na kusubiri nihakikiwe. Nimelipa.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimeitafuta alama ya SA, ya jeshi la Finland, kwa kuwa Uswidi iliwapa Wafini maelfu ya m/96 walipovamiwa na Wasovieti mwaka 1939. Haipo. Na Uswidi yenyewe haikuingia vita vile vikuu viwili vya dunia. Yaelekea bunduki hii ilifyatuliwa kwenye shabaha za mazoezi tu. Hilo limenifurahisha kuliko mng'ao wote.

Mwenye duka alinishauri niipige msasa na vanishi ionekane mpya. Sitafanya hivyo. Kila mkwaruzo kitakoni ni wa askari aliyeibeba, na msasa ukipita haurudishi kitu. Nitaipangusa kwa mafuta kidogo ya kitani, nitaandika namba zake zote daftarini, na atakayeichukua baada yangu ataikuta na alama zake zote.