Mbeya na Kurudi, Pasaka ya Tope

Siku hizi kijana wa Milanzi, hapa Sumbawanga, akitaka kwenda Mbeya kwa pikipiki wakati wa Pasaka, anaamua Alhamisi usiku. Anaandika kwenye kundi la WhatsApp, watu wanabandika dole gumba, na kesho yake anatoka au hatoki. Akitoka, mchana yuko Mwanjelwa anakula chipsi. Sisi safari hiyohiyo ilitumalizia Kwaresima nzima.

Sizidishi chumvi. Miaka ya tisini barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma, kilomita 223, ilikuwa ya udongo na changarawe, na Pasaka kwetu Ufipa huangukia ndani ya mvua, maana mvua zetu huanza Novemba na hazituachi mpaka Aprili iishe. Lami uliikanyaga Tunduma, na kutoka hapo Mbeya ilibaki kilomita mia na ushee. Kwenye kalenda mapumziko ni siku nne, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Lakini kwa mwalimu Mkatoliki wa Ufipa siku ya kwanza haimo: Ijumaa Kuu ni Njia ya Msalaba, na asiyeonekana ataulizwa na mama yake kabla ya kuulizwa na padre. Zinabaki tatu. Jumanne saa moja na nusu asubuhi unatakiwa mbele ya ubao, umenawa tope.

Tulikuwa watatu: mimi, fundi pikipiki wa mtaani kwetu, na bwana shamba ambaye pikipiki yake ilikuwa ya mradi, kwa hiyo kila safari yake ilihitaji kutafutiwa sababu ya kilimo. Kwaresima ilitufaa. Pombe ya komoni ilikuwa imepumzishwa, jioni zilikuwa ndefu, na daftari la mistari likakaa barazani likijaa hesabu. Hatukuwa na ramani. Ramani yetu ilikuwa makondakta wa mabasi, waliokuja na habari za wapi lori limezama na wapi daraja la miti limeondoka na maji. Ndio hao hao waliobeba barua zetu mpaka Laela kuarifu kwamba tunakuja.

Laela ndiyo iliyokuwa msumari wa mpango wote. Iko karibu kilomita 95 kutoka Sumbawanga, na sheria yetu ilikuwa moja: ukiifikia kabla ya saa sita unaendelea, ukiifikia baada ya saa nane unalala. Kati ya saa sita na saa nane mlikuwa mnabishana.

Daftari lilianza na vitu vya kuziba. Tyubu za akiba, viraka na gundi, pampu ya mkono. Waya wa klachi, na huo ulifungwa kabisa sambamba na ule unaofanya kazi, ili ukikatika porini usianze kupitisha waya mpya kwenye giza. Plagi mbili na kipande cha msasa, kwa sababu petroli ya kwenye chupa za soda barabarani haikuaminika. Ikichanganywa na mafuta ya taa, plagi inatoka nyeusi na pikipiki inakohoa kilima kizima. Na kipande cha sabuni ya mche. Tanki likigongwa na jiwe likaanza kuvuja, unasugua sabuni kavu juu ya tundu mpaka iingie, petroli inakoma, unafika. Fundi wetu ndiye aliyetufundisha, na mpaka leo sijaona kifaa cha dukani kinachoshinda sabuni hiyo.

Baridi nayo ilikuwa na mpango wake. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi na moja alfajiri upepo wa tambarare unaingia kwenye koti lolote. Tulipanga magazeti kifuani, chini ya koti, kurasa za kutosha. Yalikuwa magazeti ya juzi, ndiyo yaliyokuwa yakitufikia, lakini kwa kazi hiyo habari iliyochacha haina neno.

Kule Laela kulikuwa na mama mmoja aliyeuza petroli ya chupa na kupika ugali wa ulezi kwa migebuka ya kukausha. Alikuwa akitusikia kabla hajatuona.

“Karibuni wanangu. Vueni hayo makoti, yawekeni jikoni yakauke. Nani amekufa njiani?”

“Hakuna, mama. Tumeanguka tu.”

“Haya, naw­eni mle.”

Mbeya kwenyewe hatukuwa na kubwa la kufanya. Misa ya Pasaka, kununua vipuri, kutaniwa. Huko kila aliyesikia tumetoka Sumbawanga aliuliza tumehangaika na pikipiki ya nini, ungo wa kichawi umeharibika? Bwana shamba alijibu kwamba ungo haubebi abiria wawili. Jumatatu alfajiri tulikuwa tumeshageuza.

Lami tuliililia, tena kwa sauti. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, ukakaa zaidi ya miaka thelathini makao makuu yake hayajaunganishwa kwa lami na mkoa wowote, na kila kampeni ilituahidi. Februari 2008 Rais Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini mkataba wa dola milioni 698 za shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation, na ndani yake ilikuwamo barabara yetu. Magreda yakaja. Mjamzito wa Laela anayehitaji hospitali kubwa leo hasubiri jua likaushe barabara, na mahindi ya Rukwa hayaozi tena kwa kukosa lori. Anayesema heri ya tope hajawahi kumsukuma mgonjwa kwenye tope.

Lakini lami ilikuja na kipimo chake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na kibanda cha yule mama kilikuwa hatua chache tu kutoka njiani, maana petroli ya chupa haiuzwi uvunguni. Kilipigwa X nyekundu. Alihamia kwa mwanawe, nami nilikuja kujua nimeshapita Laela mara kadhaa bila kushusha mguu. Hakuna tena kinachonilazimisha kusimama.

Kuna jambo lingine, na hili fundi analisema vizuri kuliko mimi. Zamani, anasema, tulikuwa tukimletea vioo vilivyovunjika na usukani uliopinda. Siku hizi analetewa fremu iliyokunjika na haulizi mwenyewe yuko wapi. Tope lilituangusha mara nyingi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lami ya Ufipa imenyooka, upepo wa ubavuni ni mkali, na kijana aliyepanga safari Alhamisi usiku hajui ng'ombe wa kijiji gani huvuka saa ngapi.

Masimulizi ya Wafipa yanamtaja mtemi wa Milanzi aliyekwenda kuwinda, nyuma wakaja wanawake wageni, mkewe akawapa kiti, na aliporudi nchi ilikuwa si yake tena. Namwelewa kidogo. Na sisi tulirudi tukakuta barabara ni ya wengine.

Walimu wadogo wameniuliza mwaka huu waende wapi kwa siku tatu. Nimewaambia Mbeya waiache, hata basi linafika. Waende Kasanga kupitia Matai. Huko nako lami imefika hadi bandarini, wataiona Tanganyika na mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg, na maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200, yako upande huohuo mpakani na Zambia. Matai wasimame waulize njia ya kwenda maporomoko, wasiulize simu. Kila mtu na kofia ngumu, abiria naye. Tyubu, pampu na waya wa klachi ninavyo bado, nitawaazima. Virudi kabla ya Jumanne saa moja na nusu.