Makinda Wawili wa Sagalla

Mwaka 1971 ukame ulikuwa umeikaba Tsavo. Tembo walikufa kwa maelfu, na mjomba wangu, askari wa wanyamapori pale Voi, alirudi nyumbani na habari za mizoga tu. Nilikuwa na miaka 10. Kaka yangu alikuwa na 14. Likizo ya Agosti tulichunga mbuzi wetu waliobaki kwenye miteremko ya mlima Sagalla, kule majani yalikosalia mabua.

Kaka ndiye aliyekigundua kiota. Kilikuwa kwenye genge, rundo la vijiti kubwa kuliko kitanda chetu, na sisi tuliweza kukitazama kutoka juu, kwenye mwamba wa pili. Mwenyewe alikuwa tai mweusi, yule mwenye alama nyeupe mgongoni anayewinda pimbi. Mjomba alituazima darubini yake kuukuu, akatuonya tusisogee karibu.

Kiotoni mlikuwa na kinda mmoja, mweupe kama pamba, na yai moja. Baada ya siku tatu hivi yai nalo likapasuka. Nilishangilia. Nilikuwa kitinda mimba, na moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwa yule mdogo.

Furaha hiyo haikufika jioni. Mdogo alipoinua kichwa kuomba chakula, mkubwa alimgeukia akamdonoa utosini. Mdogo akalala. Akainuka tena, akadonolewa tena, safari hii mgongoni, na mkubwa akawa anavuta manyoya na ngozi pamoja. Nilimngoja mama awaamue. Mama alikuwa amesimama papo hapo, mdomoni ana kipande cha nyama, akangoja kelele zitulie, kisha akamlisha aliyekuwa amesimama wima.

Jambo lililonichoma zaidi, hata leo, ni kwamba chakula kilikuwepo. Pimbi wawili walilala ukingoni mwa kiota, mmoja hajaguswa. Nyumbani kwetu tulikula uji mara moja kwa siku, nami nilijua njaa inavyogombanisha watu. Lakini hawa walikuwa na shibe.

Siku ya pili kaka alitaka kuteremka kwa kamba amchukue mdogo. Mjomba alimkataza: genge lingemuua, na kinda angekufa vilevile. Siku ya nne tulipofika, kinda alikuwa mmoja. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mvua zilipokuja Novemba, yule aliyebaki alikuwa tayari anaruka juu ya Sagalla, na mimi nilikuwa nikimchukia.

Nilikuja kuelewa ukubwani, nikiwa mwalimu, nilipoanza kusoma habari za tai. Mtafiti Leslie Brown aliwafuatilia kwa miaka mingi huko Embu, na aliyaona mauaji ya namna hii. Kule milima ya Matopos, Zimbabwe, mtafiti Valerie Gargett alikaa akihesabu: kinda mkubwa wa tai mweusi alimdonoa mdogo wake mara 1,569 katika siku tatu alizoishi. Wataalamu wakautaja ugomvi huo kwa jina la Kaini, aliyemuua Habili.

Maelezo yao ni haya. Tai mweusi kwa kawaida hutaga mayai mawili, la pili siku chache baada ya la kwanza, na huanza kuatamia tangu lile la kwanza. Kwa hiyo wa kwanza huanguliwa mapema, na mwenzake anapotoka humkuta ameshapata nguvu. Yai la pili ni la akiba: la kwanza likiharibika, au kinda akifa mapema, wazazi hawapotezi mwaka mzima. La kwanza likiwa zima, akiba haina kazi tena. Ni nadra mno wote wawili kupona. Yangeyange nao huumizana viotoni, lakini kwao wa mwisho huweza kuishi chakula kikiwa kingi. Kwa tai mweusi shibe haimwokoi mdogo. Yule kinda niliyemchukia hakuwa na kijicho wala chuki. Alizaliwa na pigo hilo, kama alivyozaliwa na mdomo.

Nasimulia haya kwa sababu ya jambo lililofuata. Mwishoni mwa mwaka ule wa ukame kaka alifaulu mtihani wa darasa la saba. Baba alihesabu mbuzi: hawakutosha kumpeleka yeye sekondari, kutulisha sote, na kuniweka mimi shuleni. Kaka alikuwa mkubwa, na kwa desturi haki ilikuwa yake. Alisimama mbele ya baba akasema, "Mwache huyu asome." Januari akaenda kukata mkonge. Kila senti niliyolipiwa hadi nilipohitimu ualimu ilipita mikononi mwake iliyochanwa na miiba.

Miaka mingi baadaye, tulipokaa kugawana shamba la marehemu baba, kaka naye akiwa ameshafariki, jamaa mmoja alitaka watoto wa kaka wapewe sehemu ya mawe. Alisema ni maumbile, hata tai huuana kiotoni. Wazee wetu walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune, kwa kuwa walijua damu haiachani. Nilisimama nikamwambia kwamba mimi niliwaona tai hao kwa macho yangu, na kaka aliyekuwa kando yangu siku ile aliona yote niliyoyaona, kisha akafanya kinyume chake. Watoto wake walipata sehemu yenye udongo mzuri, karibu na kaburi lake.

Kinda wa tai hana la kuchagua. Wewe unalo. Ukitaka kumdhulumu ndugu yako, usimtafute ndege awe shahidi wako.