Tela ya dola 150 ilivyotaka kunivunjia ndoa

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya dumu la maji, mgongo kanigeuzia, anatazama milima. Nyuma yangu tairi la kushoto la tela linafuka moshi kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji. Jua la Julai 2022 linachoma mpaka lami inanuka. Hapo ni Sunset Point, kituo cha madereva kupumzikia kwenye barabara kuu ya I-17, jimbo la Arizona, huku Unyamwezini. Ndoa yetu ilikuwa na umri wa miezi minne, na fungate tulikuwa bado hatujaila.

“Kumbe fungate yenyewe ndiyo hii?” akaniuliza bila kugeuka.

Sikuwa na jibu. Msomaji, ungekuwa wewe ungejibu nini?

Ngoja nianzie mwanzo. Tunaishi Phoenix. Mimi nabeba boksi, yeye analea wazee. Siku namuoa nilimtamkia mbele ya mashosti wake kwamba nitampeleka Grand Canyon, lile bonde ambalo watu wanatoka kila pembe ya dunia kuja kulitazama. Maneno matamu, mfuko mtupu. Hoteli za kule ukiuliza bei unajikuta unaaga kwa heshima. Tulikuwa na akiba ya dola 1,100, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu ikitokea mmoja kapoteza kazi.

Ndipo nikasikia habari za vijumba vya tone. Ni tela ndogo, juu yake unajenga kijumba cha mbao chenye umbo la tone la maji lililolala: mbele kimeinuka, nyuma kimeteremka. Ndani ni kitanda tu, mnaingia kwa kuinama. Nyuma unafunua kifuniko, unakuta jiko. Basi. Wamarekani walianza kuvitengeneza miaka ya 1930, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 magazeti yao ya ufundi yakawa yanachapisha michoro ili kila mwenye nyundo na msumeno ajijengee nyuma ya nyumba. Kipimo kilichopendwa ni futi 4 kwa 8, kwa sababu ndicho kipimo cha karatasi moja ya plaiwudi inavyotoka dukani. Unaweka moja chini, sakafu imekwisha.

Nikaona hapo hapo, mambo si ndiyo haya! Kinachotakiwa ni tela ya chini tu, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa mwaka.

Mji mdogo wa Camp Verde, kama kilometa 145 kaskazini mwa Phoenix, mzee mmoja alikuwa anauza tela ya kuchomelea mwenyewe. Dola 150. Haina kibati, haina karatasi, rangi nyeusi imepakwa juzi inang’aa kama kiatu cha bwana harusi. Mke wangu akasema, “Mbona rangi mpya chuma cha zamani?” Nikamwambia mambo ya vyuma aniachie mimi. Nikafunga tela nyuma ya RAV4 yetu kuukuu, huyooo, tukaanza kurudi.

Kutoka Camp Verde barabara inapanda mlima mrefu. Tulipokaribia Sunset Point nikasikia mlio, kama mtu anasaga mahindi mabichi. Nikasema ni upepo. Dereva wa lori akanipita huku ananipungia mkono na kuonyesha nyuma. Nikatazama kioo, moshi. Bahati kituo kilikuwa mbele kidogo. Beringi ilikuwa imekwisha kabisa, gurudumu limeegemea upande. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kwenda Black Canyon City, magari yanashuka huko kama yanafukuzwa. Lile gurudumu lingechomokea kule, sijui leo nani angekuwa anaandika ukurasa huu.

Mvutaji wa magari alitutoza zaidi ya bei ya tela yenyewe. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Kwa aliyenipa elimu hii nawapigia saluti Wakongo wote. Phoenix ina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na Kiswahili chao cha Kivu utakisikia madukani na makanisani. Fundi mmoja, mzaliwa wa Bukavu, alikuja kuitazama tela yangu. Alizunguka mara moja tu, akachuchumaa, akacheka.

“Ndugu, hii haiko tela. Hii iko mutego.” Kisha akanitazama usoni. “Unatafuta bei, ao unatafuta kufika?”

Nilikuwa natafuta bei, kusema ule ukweli.

Akanifundisha, na mimi nakupa bure. Tela ya kutumika usiinunue kabla hujaipiga jeki. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, sikiliza. Likikwaruza, beringi imekula chumvi. Shika tairi juu na chini, litikise, likicheza, ondoka. Chukua kamba, pima kutoka kwenye mkono wa mbele, pale panaposhika gari, hadi katikati ya gurudumu la kulia, kisha la kushoto. Vipimo vikipishana, ekseli imepinda au imefungwa upande, na tela hiyo itatembea kama kaa. Halafu angalia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 0909 ujue lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2009, hata kama kashata zake zinaonekana mpya. La kwangu lilikuwa hilo hilo la 0909.

La mwisho, karatasi. Arizona tela ndogo isiyo ya biashara unaisajili mara moja tu, imetoka hiyo. Lakini bila karatasi ya umiliki unaanza safari nyingine ya ukaguzi na maelezo. Dola 150 zinaanza kuzaa.

Wiki mbili zilizofuata tukawa tunazunguka yadi pembezoni mwa jiji, safari hii mke wangu ndiye ameshika kamba ya kupimia. Tukakuta tela ya boti. Chuma chake kizuri, kimepakwa zinki, mkono mrefu. Tatizo haina uwanja wa kulaza plaiwudi, maana imetengenezwa ikumbatie tumbo la boti, kwa hiyo ni kuchomelea upya. Tena boti ikishushwa ziwani magurudumu yanazama, na maji na beringi ni paka na panya. Tukakuta chasisi ya kijumba cha zamani cha kukunja, ekseli safi kabisa, lakini mwenyewe alitaka tubomoe na kuzoa takataka zote za juu. Tunaishi ghorofa ya pili, takataka tukazimwage wapi?

Mwisho tukaangukia ile inayouzwa mpya ndani ya maboksi, unajifungia mwenyewe kwa spana. Zilikuwepo mbili, zote futi 4 kwa 8. Ya kwanza ringi inchi 8, nyingine inchi 12 na uwezo wa pauni 1,720, yaani kilo 780. Mimi, sikio la kufa, nikaanza kuichungulia ile ndogo kwa sababu ya bei. Fundi akanipigia hesabu kwenye simu. Ukiwa kilometa 100 kwa saa, kigurudumu cha inchi 8 kinazunguka kama mara 1,300 kila dakika. Kile cha 12, kama 1,000. Beringi na grisi inayoumia ni ile ya kidogo. Kwenye joto la Phoenix, ambapo Julai nyuzi 40 ni kitu cha kawaida, utarudi Sunset Point kwa miguu yako.

Tukanunua ya inchi 12, dola mia tano na ushee. Mkono ulitetemeka wakati natoa pesa, kwani ukijumlisha na hasara ya kwanza, akiba ilibaki ya kununulia mbao tu. Chuma chake chembamba, sikatai, lakini ukishafunga sakafu ya plaiwudi kwa bolti inakaza vizuri. Muhimu ni kukaza nati upya baada ya kilometa chache za mwanzo. Nati zinalegea, hazina aibu.

Wikiendi kumi tulipiga msumeno kwenye uwanja wa fundi. Mke wangu ndiye aliyepaka rangi, bluu ya bahari, akisema anataka kukumbuka kwao Tanga.

Safari ya majaribio nusura ituue tena. Mwendo ulipofika kilometa 95, lori likatupita, na tela ikaanza kutikisa matako kama mcheza mdundiko. Mke wangu akashika mlango kwa mikono miwili. Nikakumbuka neno la fundi, usikanyage breki kwa pupa. Nikaachia mafuta taratibu, ikatulia. Nikasimama pembeni, magoti maji.

Tukaipeleka kwenye mizani. Yote ilikuwa kilo 430, mzigo mwepesi kwa RAV4, ambayo kitabu chake kinaruhusu kuvuta kilo 680. Halafu tukaegemeza mkono wa mbele juu ya mizani ile ya bafuni ya kupimia unene. Kilo 20! Kumbe mbele inatakiwa ilale asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, kwangu mimi kilo 43 hadi 65. Jiko liko nyuma, na nyuma huko huko tulikuwa tumejaza maji, barafu na sufuria za ukoo mzima. Nyuma ikizidi, tela inachezea gari. Tukahamisha madumu mbele na kusogeza ekseli nyuma kidogo, maana ile ya kufunga kwa bolti inaruhusu. Ikasoma kilo 52. Tulipotoka tena ilitufuata kimya kama kivuli.

Mwisho wa Oktoba 2022 tukaondoka. Pale Sunset Point nilisimama makusudi, nikashika habu zote mbili kwa kiganja. Vuguvugu tu. Mke wangu akashuka, akapiga picha pale pale alipokaa na dumu lake. Tukapanda hadi Flagstaff, mita 2,100 juu ya bahari, misonobari mitupu, hewa ya baridi kama Lushoto. Kabla ya kuingia hifadhi yenyewe kuna msitu wa serikali wa Kaibab, ambako sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi hadi siku 14 bila kulipa senti. Tukaegesha chini ya miti. Usiku maji kwenye ndoo yaliganda. Ndani ya kijumba chetu, watu wawili na blanketi mbili, wala hatukujua.

Asubuhi tukaenda ukingoni. Msomaji, bonde lile lina urefu wa kilometa 446, karibu sawa na barabara ya Dar hadi Dodoma, na kina chake kinapita mita 1,600. Picha zote ulizowahi kuona zinasema uongo, ni kubwa kuliko hizo. Mke wangu alisimama kimya muda mrefu. Nikangoja neno la mapenzi.

“Zile beringi,” akasema, “umezitia grisi?”

Nikamjibu nimetia. Ndipo akacheka na kunishika mkono.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kujijengea chako, au hata pale mtaani unataka tela ya kuvutia mkaa na matofali, swali la fundi wa Bukavu ni lako pia. Jiulize kabla hujatoa noti: natafuta bei, au natafuta kufika? Na ukienda kununua, nenda na mkeo. Yeye rangi mpya haimdanganyi.