Mgeni Aliyeponywa na Mwenyeji

Kuhama ni mtihani wa watu, na wa vitu vilevile. Kitu kilichoundwa kwa mahali pamoja hakijui desturi za mahali pengine mpaka kifike.

Dark Souls ni mchezo wa video uliotungwa Japani na kampuni ya FromSoftware, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Ulitoka mwaka 2011 kwa mashine mbili za michezo, PlayStation 3 na Xbox 360. Ugumu wake ndio uliokuwa sifa yake: mchezaji hufa, hufufuka, hujifunza, kisha hufa tena. Wenye kompyuta waliusikia kwa jirani wakautamani. Januari 2012 makumi ya maelfu yao walitia saini ombi la kuletewa mchezo huo, na ombi likasikilizwa.

Mchezo uliwasili Agosti 2012, wala haukuja mikono mitupu. Ulileta nchi mpya iitwayo Oolacile, na ndani yake maadui ambao wachezaji wa mashine za kwanza walikuwa bado hawajawaona. Lakini zawadi ilikuwa nzuri kuliko chombo kilichoibeba. Watengenezaji, waliokwisha kukiri kuwa kompyuta ni ugenini kwao, waliuacha mchezo katika mipaka ya nyumba ya zamani. Ulichorwa kwa nukta 1024 kwa 720, na kwenda kwa picha 30 kwa sekunde, hata katika kompyuta iliyoweza maradufu ya hayo. Kipanya nacho kilitii kwa shida.

Wengi walilalamika, na walikuwa na haki. Mpenzi mmoja wa mchezo alifanya kazi. Siku ileile alitoa bure programu ndogo iliyovunja mpaka wa nukta. Mwingine akakirekebisha kipanya. Mithali husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Nyongeza haifidii msingi. Chumba kipya hakizibi paa linalovuja. Hata hivyo, kama watengenezaji wangalingoja ustadi wao ukamilike, huenda mchezo usingalifika kabisa. Toleo lililokarabatiwa, lenye kwenda kwa picha 60 kwa sekunde, lilitoka mwaka 2018. Miaka sita ya kungojea ilijazwa na kazi ya watu wasiolipwa. Kitu kilichoombwa kwa mapenzi hupokewa pamoja na kasoro zake, na mapenzi yayo hayo ndiyo huziondoa.